Mtego mtupu, gunia limejaa vumbi: dumuzi huita lini na hunyamaza lini

"Shikamoo mtaalamu. Nalima mahindi Kongwa, mkoani Dodoma. Mwaka jana nilipata mtego wa harufu wa dumuzi, ule wa kadi yenye gundi na kidonge kidogo cha mpira, nikautundika kwenye kenchi za ghala langu la bati. Ulinasa dumuzi wengi mpaka nikaacha kuhesabu, ila mahindi yalikuwa na nafuu. Mwaka huu nimeutundika palepale, na chambo kilichobaki mwaka ule nilichokuwa nimekihifadhi kwenye droo. Tangu mwezi wa saba hadi wa tisa nilikuta dumuzi watatu tu, nikatulia. Juzi nimefungua magunia ya pembeni, nusu ni vumbi, na mahindi niliyoacha kwenye magunzi darini ndiyo usiseme. Jirani mmoja anasema dumuzi wameizoea ile harufu. Mwingine anasema mtego wenyewe ndio uliowaita ghalani. Mama mkwe anasema harufu ya mahindi mapya ndiyo inayowaleta. Nani yuko sahihi? Nifanye nini na magunia kumi na nane yaliyobaki, na je, nitupie vile vidonge vya gesi vinavyouzwa mnadani? Pia kwenye gundi kuna vijidudu vyeusi vinavyong'aa, vidogo kuliko dumuzi. Sivijui."

Marahaba, na pole sana. Neno lililonigusa katika swali lako ni hilo "nikatulia". Kwa miezi mitatu ulikuwa unatazama mtego ukiamini unakuonyesha hali ya magunia, na magunia yakawa yanasagwa pembeni yake. Hujafanya uzembe. Umetumia chombo kizuri kwa kazi ambayo hakikutengenezewa, na nimekutana na maofisa wenye vyeti waliofanya vilevile.

Mtego wa harufu huhesabu dumuzi, hao mbawakawa wadogo wanaotoboa mahindi, walio safarini. Walio mezani hawahesabu. Hapo ndipo majibu yako yote yanapoanzia, na ili tufike huko inabidi tujue kwanza dumuzi anaongea vipi na mwenzake, kwa sababu maongezi yake hubadilika kufuatana na mahali alipo, anachokula, aliye naye na hali ya hewa ya siku hiyo.

Dumuzi si wa kwetu asili yake. Alitoka Mexico na Amerika ya Kati, na hapa Afrika alitambuliwa kwanza Tabora mwaka 1981. Wakulima wa huko walimwita Scania, jina ambalo wazee bado wanalitumia. Mwaka 1983 alikwisha kuonekana Taveta upande wa Kenya. Uchunguzi uliofanyika Tabora miaka hiyo ulikuta mahindi ya baadhi ya wakulima yamepoteza hadi asilimia 34 ya uzito ndani ya miezi michache. Wataalamu walipoanza kumchunguza waligundua kwamba dume ndiye mwenye mwito. Akishatua kwenye hindi akatoboa na kuanza kula, hutoa harufu yenye viambato viwili vikuu, vilivyopewa majina ya Trunc-call 1 na Trunc-call 2. Hivyo viwili ndivyo vilivyomo kwenye kile kidonge chako cha mpira, ila vimetengenezwa maabara.

Harufu hiyo huwavuta majike, na huwavuta madume pia. Ndiyo maana vitabu huiita harufu ya kukusanya. Jina hilo limewapotosha wengi, wakadhani dumuzi wa kwanza anawaita ndugu zake waje karamuni. Ukimtazama dume kwa karibu unaona jambo jingine. Akiwa peke yake kwenye hindi zuri huita siku baada ya siku. Weka majike pamoja naye, na mwito wake hushuka haraka mpaka unakaribia kwisha. Dume huyu anatafuta mke. Madume wengine wanaofuata harufu hiyo wanadandia tu, maana harufu ya dume mwenzao inawaambia kwamba hapo pana chakula, na majike wako njiani.

Sasa rudi kwenye magunia yako. Dumuzi waliomo mle ndani wana chakula na wana wake. Dume wa namna hiyo ananyamaza, na jike aliye naye hana sababu ya kutoka nje kufuata kidonge kinachoning'inia kwenye kenchi. Ghala linaweza kuwa limeoza kwa dumuzi, na hewa ya ndani isiwe na hata mmoja anayeruka. Wataanza kuruka chakula kikipungua ubora, vumbi likizidi punje, na wao wenyewe wakianza kubanana. Kwa maneno mengine, mtego unajaa wakati mahindi ya mtu fulani yamekwisha kuharibika. Nadhani hilo ndilo ulilolinasa mwaka jana: wasafiri waliotoka kwenye vihenge vya watu wengine, au porini. Ndiyo, porini. Dumuzi huzaliana hata ndani ya miti mikavu, na mitego iliyotundikwa kwenye misitu mbali kabisa na mashamba ya mahindi hunasa dumuzi.

Chakula nacho hubadilisha mwito. Kwa dumuzi na kwa jamaa zake wanaotoboa nafaka, kiasi cha harufu anachotoa dume hutegemea anakula nini. Yule mtoboa nafaka mdogo anayeshambulia ngano na mpunga amechunguzwa sana kwa hili: mtoe kwenye nafaka, mwache na njaa, na harufu yake hufifia. Mrudishe kwenye punje, naye huanza tena. Fukusi wa mahindi na wa mchele wako hivyohivyo, na wale mbawakawa wekundu wa kwenye unga pia. Harufu ni gharama kwa mdudu mdogo. Asiyekula hana cha kuitengenezea, na isitoshe hana meza ya kumkaribishia mwenzake.

Msongamano ni sura nyingine, na anayeionyesha vizuri zaidi ni huyo mbawakawa mwekundu wa unga. Wakiwa wachache, dume huita na wengine huja. Wakizidi, kila dume hupunguza mwito wake, na wadudu wakubwa huanza kutoa kemikali kali za kujilinda, jamii ya kwinoni, zinazowafukuza wengine. Ndizo zinazoupa unga wa zamani rangi ya waridi na ile harufu mbaya ambayo hata ukipika ugali haitoki. Kama umewahi kuinusa huwezi kuisahau. Mdudu yuleyule, kwenye unga uleule, wiki chache nyuma alikuwa anasema "njooni" na sasa anasema "ondokeni".

Hali ya hewa hufanya kazi yake kwa njia mbili ambazo watu huzichanganya. Kwanza, inamgusa mdudu. Dumuzi hupenda kuruka jioni jua linapozama, na hupenda joto la nyuzi 25 hadi 30 hivi. Wewe umeutundika mtego tangu mwezi wa saba. Unaijua Kongwa ya mwezi wa saba: jioni baridi, upepo hautulii. Mdudu wa milimita nne hawezi kufuata harufu kwenye upepo kama ule, maana harufu hewani husafiri kama nyuzi za moshi, na yeye hupanda akipinda kulia na kushoto akizitafuta. Upepo ukiwa mkali nyuzi zinakatika, na mdudu haondoki kabisa. Pili, hali ya hewa inakigusa kidonge. Harufu hii ni kemikali inayoyeyuka hewani, na joto huiharakisha. Chini ya bati la Dodoma saa nane mchana kidonge humwaga shehena yake upesi, na kila jioni dumuzi anapoamka kuruka kinachobaki kimepungua. Chambo cha aina hii kimetengenezwa kudumu wiki kadhaa. Chako kilikuwa na mwaka mzima kwenye droo. Chambo ambacho hakijafunguliwa hukaa kwenye jokofu, na kikishafunguliwa hufuata muda wa matumizi ulioandikwa kwenye pakiti.

Kwa hiyo jirani yako wa kwanza amekosea. Dumuzi hawajaizoea harufu. Ni mwito wa ndoa yao, na jike anayeacha kuuitikia haachi wajukuu. Kilichobadilika ni kidonge chako, msimu, na ukweli kwamba dumuzi wa mwaka huu walikuwa tayari ndani.

Jirani wa pili ana sehemu ya ukweli, na nakuomba umsikilize. Mtego ukitundikwa ndani ya ghala lenye mianya chini ya paa huwavuta walioko nje mpaka mlangoni pako. Si wote wanaogusa gundi. Wengine hutua kwenye gunia lililo karibu na mtego, wakatoboa, dume akaanza kuita kwa sauti yake mwenyewe, na sauti hiyo haiishi muda kama kidonge. Ninavyoona mimi, baadhi ya waliotua kwako mwaka jana walibaki kwenye magunzi, kwenye magunia ya zamani na hata kwenye mbao za dari, wakakusubiri na mavuno mapya. Mtego wa dumuzi hukaa nje, mita 100 au zaidi kutoka ghalani, kimo cha mita moja na nusu hadi mbili, na kazi yake ni kukuonya kwamba wasafiri wamefika eneo lenu. Mtu asikuambie kwamba unaweza kuwamaliza kwa mitego. Jambo hilo halijawahi kufanikiwa kwa mdudu huyu.

Mama mkwe wako yuko sahihi kwa mdudu mwingine. Fukusi huifuata harufu ya nafaka, na huruka kutoka maghalani kwenda shambani mahindi yakiwa bado yamesimama, ndiyo maana wakati mwingine unavuna tayari umembeba. Kwa dumuzi, majaribio hayakuonyesha kwamba harufu ya mahindi humvuta kutoka mbali. Dume huelekea kutua kwa kubahatisha, akipata pa kutoboa hukaa, halafu mwito wake ndio unaowaleta wengine. Hilo ni zito kuliko linavyosikika: dume mmoja wa kwanza akikosa pa kujishikiza, umati wote hauji.

Na pa kujishikiza ni wapi? Ni kwenye gunzi. Dumuzi anahitaji kitu kilichotulia ili asukume kichwa na kutoboa. Punje zilizobanana kwenye gunzi, tena ndani ya maganda, zinampa ukuta. Punje zilizopukuchuliwa humkimbia miguuni. Hamalizwi na kupukuchua, maana kwenye gunia lililobanwa vizuri punje nazo hutulia, lakini huchelewa sana kuanza. Ile dari yako ndiyo iliyokuwa kitalu. Penye joto la nyuzi 32 na unyevu mwingi hewani, yai huwa dumuzi kamili kwa siku 25 hivi. Kongwa ni kukavu, atachukua muda zaidi, ila usitegemee ukavu umuue. Fukusi hushindwa mahindi yakikauka sana, na dumuzi huweza kuzaliana hata kwenye mahindi yenye unyevu wa asilimia 9.

Sasa hayo magunia kumi na nane. Chukua bambo, choma kila gunia juu, katikati na chini, mwaga ulichotoa kwenye chekecheke na uangalie kinachopita: vumbi jeupe jingi ni dumuzi. Fanya hivyo leo au kesho, maana kila wiki ina maana. Magunia yenye vumbi yatenge nje ya ghala, mbali na mengine. Mahindi ya darini yashushe yote, yapukuchue, na magunzi yachomwe siku hiyohiyo. Usiyahifadhi kwa kuni, kwa sababu yamejaa watoto wake. Yale magunia ya zamani yachemshe au yachome. Fagia mpaka kwenye nyufa za mbao.

Mahindi yaliyoshambuliwa yapepete, kisha yaanike kwenye turubai jeusi, tabaka jembamba, juani kabisa. Wakubwa wengi watakufa au watakimbia, lakini baadhi ya mabuu yaliyo ndani ya punje yatapona, kwa hiyo usiyarudishe ghalani ukidhani kazi imekwisha. Ya mbegu usiyachome jua hivyo.

Baada ya hapo una njia mbili za kweli. Mifuko isiyopitisha hewa, ile ya plastiki mbili ndani ya gunia moja, hufanya kazi kwa sababu wadudu wenyewe humaliza oksijeni iliyomo. Ikipungua wanaacha kula, na ulishaona kwamba dume asiyekula ananyamaza, halafu wanakufa kwa kukauka. Haina sumu, na kwa chakula cha nyumbani mimi ningeichagua hiyo. Kasoro zake nazo nikuambie. Bei yake ni kubwa kuliko ya gunia la kawaida, ingawa mfuko usiotoboka hutumika tena. Dumuzi ana meno, akiwa wengi anaweza kutoboa plastiki, kwa hiyo usijaze mahindi ambayo hujayapepeta. Na mfuko unaofunguliwa kila siku mbili haufanyi kazi, hewa inarudi. Tenga gunia moja la kula, mengine yafunge na uyaache. Kabla ya kufunga hakikisha yamekauka: tia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, acha kidogo, na chumvi ikishika kwenye kioo rudisha juani, maana ndani ya mfuko usio na hewa mahindi mabichi huoza.

Njia ya pili ni dawa ya vumbi yenye mchanganyiko wa pirimifosi-methili na permethrini. Mchanganyiko huo ulichaguliwa kwa sababu: permethrini ndiyo inayommaliza dumuzi, na hiyo nyingine inamshika fukusi. Dawa ya fukusi peke yake itakuachia dumuzi. Fuata kipimo kilicho kwenye pakiti, changanya na mahindi yaliyopukuchuliwa, na kumbuka kwamba ukimimina vumbi juu ya gunia lililofungwa umeitupa pesa yako. Nunua penye duka lililosajiliwa, angalia tarehe, kataa dawa iliyofunguliwa na kupimwa kwa kijiko.

Kuhusu vidonge vya gesi vya mnadani, jibu langu ni hapana, usitupie. Vidonge hivyo hutoa fosifini. Gesi hiyo huua wadudu, na huua watoto waliolala chumba cha pili. Kufukiza ni kazi ya mtu mwenye leseni, chini ya turubai maalumu, kwenye jengo asilolala mtu. Kama tayari kuna aliyeweka, toeni watu wote, fungueni milango, na yeyote mwenye kichwa kuuma, kutapika, kifua kubana au kupumua kwa shida apelekwe hospitali papo hapo mkisema alivuta gesi ya mahindi. Msisubiri asubuhi.

Mwite afisa ugani wa kata aje aone kwa macho ikiwa zaidi ya nusu ya magunia yana vumbi, au kama umetumia dawa ilivyoandikwa na dumuzi bado wako hai baada ya wiki mbili au tatu. Dawa unayoitilia shaka ichukue na pakiti yake, maana Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania ndiyo yenye dhamana ya viuatilifu na itataka kuiona. Na ukikuta punje zimeshikana, zina ukungu wa kijani au njano, usizisage wala kuwapa kuku. Penye dumuzi wengi pana joto na unyevu, na hapo ukungu hupata nafasi. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara tulizika watu kwa sababu ya sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Hayo yatenge, afisa akushauri namna ya kuyateketeza.

Vile vijidudu vyeusi vinavyong'aa, ukitazama vizuri utaona vina mwili mfupi uliojaa, tofauti na dumuzi ambaye ni kama kipande cha kijiti kilichokatwa mkia. Kama ndivyo vilivyo, basi huyo ni mbawakawa anayewinda dumuzi. Naye ana asili ya Amerika ya Kati, na aliletwa Afrika kwa makusudi miaka ya 1990, Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka uliofuata, halafu nchi nyingine. Amejifunza kusikiliza mwito wa dume wa dumuzi, huufuata mpaka kwenye tundu na kula mayai na mabuu yaliyomo. Ndiyo maana alinaswa kwenye gundi yako: alidhani kidonge ni mlo. Hataliokoa ghala lako peke yake, ila hupunguza dumuzi wanaozaliana porini na vijijini. Ukimkuta akitembea kwenye vumbi la magunzi kabla hujayachoma, mpukute nje umwache aende.